Msiba wa Popi

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua: nakusikia ukicheka upande wa pili wa ua wa minyaa, kwa Mama Kulwa. Ni saa kumi na moja jioni. Basi lako la Dodoma linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi, na jioni yako ya mwisho hapa Ibadakuli umeamua kuimalizia huko.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala za matumizi, wala za wavulana. Hayo umeyasikia wiki nzima. Nakuandikia kwa sababu ya swali uliloniuliza Jumapili ukichambua mchele. Ulisema, "Mama, nikishakuwa mwalimu wa chekechea, niwaonyeshe watoto filamu kama ile ya mbwa? Ile ya kwa Mama Kulwa?" Nikakujibu uniache nisikilize taarifa ya habari. Redio ilikuwa imezimwa. Uliona kwamba imezimwa, ukaendelea kuchambua mchele.

Na leo saa tisa umekuja tena mlangoni.

"Mama, Doto ameipata ile filamu. Ameiweka kwenye fleshi. Tunaiangalia wote jioni hii, njoo."

"Nina kazi."

"Kazi gani, na leo hukutoka?"

"Kuna kitu naandika."

"Haya," ukasema, ukachukua khanga yangu kwenye kamba, ukapita kwenye ule mwanya wa minyaa uliouchimba kwa kupitapita tangu una miaka minne. Mimi sijawahi kuupita. Nikienda kwa Mama Kulwa huzunguka barabarani kama mgeni. Kitu nilichosema naandika ndicho hiki.

Nimefanya kazi ya habari miaka ishirini na miwili. Nimesimama juu ya maduara yaliyotitia huko Geita, mashimo ya wachimbaji wadogo, nikiwauliza majina wanawake ambao waume zao walikuwa bado chini. Mhariri wangu wa kwanza alizoea kusema mimi sina mishipa ya fahamu, na alisema kwa kunisifu. Nakutajia haya ili ujue kwamba ninapokiri jambo, nalikiri kama ninavyopeleka habari: nani, wapi, lini, nini, kwa nini. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonichukua miaka kumi na mitatu.

Ulikuwa na miaka sita. Baba yako alikuwa ameshahamia Isaka kuendesha malori ya kwenda Kigali, na habari za mji wake mwingine zilikuwa zimeanza kunifikia. Nyumbani tulibaki wawili, na Popi. Ulimwita Popi kama anavyoitwa kila mbwa wa tatu mjini hapa. Alikuwa wa kahawia, sikio moja limekatika, mwizi wa nyama asiye na aibu. Ulimfundisha adabu. Ulikuwa unasimama mbele yake na ukoko wa ugali, unamwambia, "Popi, amkia." Akibweka, unajibu, "Marahaba," ndipo unampa.

Aligongwa na lori siku ya Jumanne, wewe ukiwa shule. Nilimkuta kando ya barabara. Jembe letu lilikuwa limevunjika mpini, kwa hiyo nikazunguka kuazima kwa Mama Kulwa. Akaniuliza, "Mtoto utamwambiaje?" Nikamwambia nitajua. Nikamzika Popi nyuma ya choo, nikanawa, nikarudi mezani kumalizia habari ya bei ya pamba.

Uliporudi nilikuambia Popi amekwenda Mwadui. Nikasema kuna mzee huko anaitwa Luhende, ana mbuzi kumi na wanne, na fisi wanamsumbua, kwa hiyo ameomba mbwa hodari. Ulitaka kujua zizi lake likoje. Nikakuambia ni la miiba, lina mlango wa bati. Katika kazi yetu, mtu akikudanganya mara nyingi unamgundua kwa kuwa hana idadi wala rangi ya mlango. Mimi nilikupa vyote viwili. Uongo ule ulikuwa bora kuliko habari nyingi nilizopeleka mwaka huo.

Ukaamini. Ukaanza kuweka ukoko kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, wa kumpelekea. Kila tulipopita Maganzo kwenda Mwanza ulibandika uso kwenye kioo cha gari, kwa sababu nilikuwa nimekuambia njia ya Mwadui inaingilia pale. Miezi minne.

Utafikiri nilidanganya kwa huruma. Watu wengi hudhani hivyo juu ya wazazi, nasi tunawaacha wadhani. Nilikuwa na habari ya kupeleka kabla ya saa kumi, na mtoto anayelia anachukua muda.

Kisha duara likatitia Geita, nami nikaondoka. Ulikaa kwa Mama Kulwa siku tano, kama kawaida. Kule shimoni, miongoni mwa waliokuwa wakisubiri, kulikuwa na msichana wa umri wako. Baba yake alikuwa chini. Yeye alikuwa ameambiwa baba amekwenda Kahama kununua kamba. Niliandika kwenye daftari: "Wanamdanganya mtoto." Nikapiga mstari chini yake. Daftari hilo bado ninalo, na mstari wenyewe umenyooka vizuri.

Aliniona na kinasa sauti, akanivuta begi.

"Mama wa redio. Baba yangu yuko Kahama?"

"Kamuulize mama yako."

"Mama anasema yuko Kahama."

"Basi."

Akaniachia begi. Nilijiambia kwamba nimeheshimu mipaka ya kazi. Haikunipitia akilini kwamba nami nilikuwa na Kahama yangu, inaitwa Mwadui.

Siku hiyohiyo, Jumamosi, wewe ulikuwa kwenye benchi la kibanda umiza, yaani kibanda cha video, cha Mama Kulwa. Yaliyotokea humo nimeyapata kwa mashahidi watatu, yeye, Doto na wewe mwenyewe, na maelezo yenu hayapingani.

Filamu ilikuwa ya familia ya Ulaya na mbwa wao. Haikuwa imetafsiriwa, na Mama Kulwa hakujua neno hata moja la lugha yake. Hilo halikumzuia. Alisimama kando ya televisheni na fimbo ya kuonyeshea, akawasimulia watoto kwa Kiswahili na Kisukuma mchanganyiko. Yule baba wa kwenye filamu akamfanya mnunuzi wa pamba aliyepunjwa mizani. Mama akamfanya mkaidi, kwa sababu ni mtu wa Bariadi. Mbwa alipotafuna viatu, alikuwa anawatafutia watoto kisingizio cha kutokwenda shule. Watoto wakacheka mpaka benchi la nyuma likaanguka. Halafu yule mbwa akazeeka, akalazwa mezani kwa daktari, na Mama Kulwa akaishiwa na hadithi. Akasema, "Amekufa." Akalirudia kwa Kisukuma.

Ukasimama. Ukasema, "Hajafa. Ameenda Mwadui."

Watoto wakacheka tena, maana walidhani ni utani kama ule wa Bariadi. Doto ndiye aliyekujibu, naye alikuwa na miaka saba na mdomo uleule alionao leo: "Popi hajaenda Mwadui, wewe! Popi yuko nyuma ya choo chenu. Mama yako alimzika na jembe letu."

Hapo ukalia. Mama Kulwa hakuzima deki. Hicho ndicho kitendo nilichokuja kukishambulia kuliko vyote, kwa hiyo nakiandika kama kilivyokuwa. Alimpa Kulwa, pacha wa Doto, fimbo, akakaa kwenye benchi, akakupakata. Watoto wengine wakamwambia, "Mama Kulwa, zima." Akasema, "Hapana. Ngoja tuone wenyewe wanafanyaje."

Mkaangalia mpaka mwisho. Ile familia ikamzika mbwa wao chini ya mti, ikarudi ndani, filamu ikaisha. Ukainua uso ukauliza, "Mbona hawajakaa msiba?"

Mama Kulwa akatoa mkeka.

Mimi nilifika Jumapili alasiri, viatu vimejaa vumbi la Geita. Nilizunguka barabarani, nikaingia uani kwake, nikakuta watoto kumi au zaidi wameketi mkekani, miguu imekunjwa kama watu wazima. Sufuria la uji lilikuwa kwenye mafiga. Doto alikuwa amesimama na karatasi isiyoandikwa kitu, anasoma wasifu wa marehemu.

"Marehemu aliiba nyama mara mbili," alisema. "Mara ya kwanza alikamatwa. Mara ya pili hakukamatwa. Ameacha mafupa."

"Amina," wakasema wenzake.

Wewe ulikuwa umelala magotini pa Mama Kulwa. Mkono wako ulikuwa ndani ya khanga yake, palepale ulipokuwa ukiuweka kwangu nilipokuwa nakuachisha ziwa.

"Pole na safari, Mama Kabula," akasema. "Shusha begi, kaa. Tuna msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa Popi."

"Mama Kulwa, mbwa anakaliwa matanga?"

"Mbwa hana habari. Wenye habari ni hawa."

"Nani alikutuma umwambie?"

"Sikumwambia mimi. Miezi minne nimekubebea Mwadui yako, sikuiangusha. Filamu ndiyo iliyoniponyoka." Akasogea kidogo mkekani, akapapasa nafasi kando yake. "Kaa basi."

Sikukaa. Nilibaki nimesimama, begi begani. Ukafumbua macho, ukanitazama, ukayafumba tena na kujisogeza ndani zaidi. Nimetazamwa vibaya na watu wengi katika kazi hii, wengine wenye mapanga. Hakuna aliyewahi kunifungia mlango namna ile.

Nilikuchukua nikakupeleka nyumbani nikuogeshe. Kwenye beseni ukaniuliza:

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulilia?"

"Hapana."

"Mama Kulwa alilia."

Ulisema bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja rangi ya gari lililopita.

Niliona wivu, Kabula. Neno ni hilo, na nimelizunguka miaka kumi na mitatu nikilipa majina mengine. Nililiita malezi. Nililiita maadili. Nililiita afya ya akili ya mtoto. Ilikuwa ni wivu wa mwanamke aliyerudi kutoka kazini akakuta machozi ya mwanawe yameshapanguswa na mtu mwingine, tena vizuri. Kama Mama Kulwa angekupangusa vibaya ningemsamehe jioni ileile.

Wiki iliyofuata nilitengeneza kipindi. Ulikuwa mdogo hukukisikia, na ulipokua sikukuambia. Kilikuwa cha nusu saa, juu ya vibanda vya video na watoto, hasa filamu za huzuni, zile za wanyama wanaokufa. Nilimhoji mwalimu, nikamhoji muuguzi, nikamhoji baba mmoja wa watoto watano. Wote walikuwa watu wa kweli na walisema ya kweli. Mwalimu alisema mtoto wa miaka sita hajui kutenganisha cha kwenye kioo na cha nyumbani kwake. Muuguzi alisema wengine hupata jinamizi. Nikayaunganisha vizuri. Mwishoni nikauliza kwa sauti yangu ya taratibu, ile unayoigiza mkiwa wawili na Mama Kulwa ukidhani sisikii, ni mzazi gani anaweza kumwacha mtoto alie mbele ya televisheni bila hata kuizima.

Sikutaja jina la mtu. Ila kibanda kilichoonyesha filamu za watoto Jumamosi huku kwetu kilikuwa kimoja.

Kanuni za kazi yangu ni chache na nimewafundisha vijana wengi. Usitangaze usichokiona. Unayemlaumu, mpe nafasi ajibu. Katika kipindi kile nilivunja zote mbili. Mama Kulwa sikumpelekea kinasa sauti, na alikuwa hatua arobaini kutoka mezani kwangu. Na ile filamu sikuwa nimeiona. Hata leo bado sijaiona. Nimeilaani mbele ya mikoa miwili kwa maelezo ya mtoto wa miaka saba. Habari ya bei ya pamba nilikuwa naihakikisha mara tatu.

Wazazi wakasikia. Jumamosi ya kwanza watoto walipungua nusu, na kabla mwezi haujaisha mabenchi yalikuwa matupu. Mama Kulwa aliyauza kwa mama mmoja wa chai pale karibu na uwanja wa ndege, televisheni akaiingiza sebuleni, akaanza kukaanga vitumbua. Wewe ulisikitika kwa wiki moja, halafu ukavizoea vitumbua. Umekua ukidhani kibanda kilikufa kwa sababu watu walianza kununua televisheni zao. Nilikusikia ukimwambia hivyo rafiki yako, nami nikaendelea kukunja nguo.

Siku chache baada ya kipindi nilikutana na Mama Kulwa barabarani, ndoo kichwani.

"Nimekusikia redioni," akasema.

"Eeh."

"Sauti yako ilitoka vizuri. Ile ya mwalimu ilikuwa inakwaruza kidogo."

Akaenda zake na ndoo yake. Nilisubiri lililobaki, mpaka leo halijaja. Mwezi uliofuata duara jingine likaanguka na sikuwa na mtu wa kukuachia. Nilizunguka barabarani nikasimama mlangoni pake. Akasema, "Mlete. Aje na daftari lake, juzi amekosea hesabu za kutoa."

Ungedhani hapo wivu ungekwisha. Uliongezeka. Mtu aliyekukosea unaweza kumvumilia. Uliyemkosea wewe, akaendelea kukulelea mtoto, huyo kila akikusalimia anakukumbusha. Niliweka hesabu yangu kimyakimya. Ulipovunja ungo, yeye alijua siku mbili kabla yangu. Matokeo ya kidato cha nne ulimpigia yeye kwanza, ukaniambia simu yangu ilikuwa haipatikani. Nilitazama baadaye, ilikuwa inapatikana. Kisukuma chako ni chake. Mimi ni mtu wa Songea, nimekaa huku miaka yote hii na bado mnaponisalimia "mwadila" najibu kama mtu aliyekariri. Ninyi wawili mnatupiana utani mrefu kwenye minyaa, unarudi ndani unacheka peke yako, nakuuliza nini, unasema, "Ah, Mama, kwa Kiswahili hakichekeshi." Na unamwita mayu, yaani mama. Najua kwamba huku kila mwanamke mzima huitwa mayu kwa heshima. Najua. Bado nilikuwa nahesabu.

Hata filamu yenyewe niliionea wivu. Mbwa wa picha, wa nchi ambayo hatutafika, alifanikiwa kukutoa machozi niliyokuwa nimeyafungia kwa miezi minne kwa mbuzi kumi na wanne.

Sasa swali lako. Uliniuliza kama mwalimu, nami nakujibu kama mtu aliyewahi kulijibu vibaya mbele ya watu wengi.

Sehemu ya kipindi changu ilikuwa kweli. Doto aliniambia mwaka jana, tukingoja maji bombani, kwamba baada ya filamu ile Kulwa hakulala siku tatu na alikojoa kitandani, yeye aliyekuwa mkubwa na hajakojoa tangu ana miaka mitatu. Hakumwambia mtu. Mama yao alidhani ni homa. Pacha wawili, benchi moja, filamu moja: mmoja alisoma wasifu wa marehemu, mwingine alikuwa anaogopa giza. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba filamu za namna hii zinawafaa watoto wote, usimwamini. Mtu akikuambia hazimfai yeyote, muulize kama ameziona.

Miaka yote hii nimefikiri kwamba kosa la Mama Kulwa lilikuwa kuleta kifo mbele ya mtoto. Kifo kilikuwa kimeshaletwa. Kilikuwa nyuma ya choo, nimekichimbia mwenyewe, na wewe ulikuwa unakiwekea ukoko chini ya kitanda. Filamu ilikupa tu kitu cha kukitazamia. Kilichokufaa hakikuwa kwenye kioo hata kidogo. Ni yale magoti, na ile "ngoja tuone wenyewe wanafanyaje." Angezima, ungebaki na mbwa anayekufa daima, kila usiku, bila watu waliorudi ndani na kuendelea kula chakula chao.

Labda, basi, waonyeshe. Wewe mwenyewe iangalie kwanza, hadi mwisho, usihadithiwe. Ujue nani kwenye darasa lako amezikiwa nini nyuma ya nyumba yao. Na kama siku hiyo una haraka ya kwenda mahali, usiiwashe. Kulwa alihitaji mtu wa pili wa kumpakata, na siku ile mtu wa pili alikuwa Geita ameshika kinasa sauti.

Lile shimo nalikumbuka zaidi kadiri unavyokua. Baba wa yule msichana alitolewa siku mbili baada ya mimi kuondoka. Niliipata habari kwa simu nikaisoma redioni. Kilichosemwa kwa binti yake sikijui, wala nani alimweka magotini. Alimuuliza mtu mmoja tu ambaye hakuwa na sababu ya kumdanganya, na mtu huyo alimwambia "basi."

Wamewasha. Naisikia kutoka hapa mezani, muziki wa mwanzo, halafu sauti ya Mama Kulwa juu yake, kubwa kama zamani. Doto anamkatiza:

"Mayu, safari hii maandishi ya Kiswahili yapo chini!"

"Maandishi yanajua kama huyu mama ni wa Bariadi?"

Unacheka wewe. Nakitambua kicheko, ni cha Mama Kulwa, kimepanda kwako kama lafudhi. Kulwa anasema jambo ambalo sikulisikia vizuri, nafikiri ameomba akae katikati.

Barua hii nitaichomeka ndani ya sufuria lako la safari, chini ya dawa na chakula cha njiani, na utaikuta kesho ukitafuta kitu cha kula, labda mkiwa mmeshapita Nzega. Kufikia hapo utakuwa unajua jambo ambalo mimi kwa sasa silijui: kama nilikuja au sikuja. Kama sikuja, usinitetee. Ujue kwamba niliandika haya yote kwa mpangilio mzuri, na bado hatua arobaini zikanishinda.

Lakini nimeshavaa kandambili. Nitapita kwenye mwanya wako, ingawa minyaa itanikwaruza, kwa kuwa uliutengeneza kwa kipimo cha mtoto. Sitakuja kukutoa magotini pa mtu. Una miaka kumi na tisa, hutoshi tena pa yeyote. Nina la kumwambia Mama Kulwa, na nitamwambia mbele yenu, kisha nitamwachia nafasi ya kujibu, hata kama atazungumza mpaka basi lije. Kinasa sauti nakiacha hapa mezani.

Mwaka ule aliniambia nishushe begi nikae, tuna msiba. Sikushusha na sikukaa. Leo sina begi. Mwambie Doto asogee.

Mama yako